Uraibu wa Mchezaji wa Kulipwa: Namna ya Kutenganisha Ugonjwa na Wajibu Wake

Swali la kama uraibu ni ugonjwa au uamuzi huletwa mezani siku mbaya. Majibu ya vipimo yametoka, au mchezaji amekutwa akibeti mechi za ligi yake mwenyewe, na viongozi wamegawanyika: huku wanasema apelekwe hospitali, kule wanasema alijitakia, avunjiwe mkataba. Ubishi huo hauishi kwa sababu jibu moja linatafutwa kwa mambo matatu. Kuonja mara ya kwanza mara nyingi ni uamuzi. Kushindwa kuacha baada ya ubongo kuzoea ni ugonjwa. Kukubali tiba na kuifuata ni uamuzi tena, na hapo ndipo daktari wa timu, kocha, wakala na familia wana kazi ya kufanya.

Anzeni kwa kupima. Mwongozo wa DSM-5, unaotumiwa na madaktari wa akili tangu 2013, una vigezo 11 vinavyoangaliwa ndani ya miezi 12. Vinahusu mambo kama kutumia kuliko alivyokusudia, kujaribu kupunguza akashindwa, hamu kali, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi, na kupata arosto akikosa. Viwili au vitatu ni uraibu mwepesi, vinne au vitano ni wa kati, sita na kuendelea ni mkali. Kamari ina vigezo vyake 9, na uraibu huhesabiwa kuanzia vinne. Kwa pombe, anzeni na dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40, na 8 au zaidi humaanisha aonwe na mtaalamu.

Wachezaji hupimwa vibaya kwa namna mbili. Ya kwanza: aliyefanyiwa upasuaji akapewa dawa kali za maumivu atazizoea na kupata arosto hata kama alizinywa kama alivyoelekezwa. Dalili hizo mbili, kwa mtu anayefuata maelekezo ya daktari, hazihesabiwi. Ya pili ni kinyume chake. Mazoezi ni kazi yake na ratiba humlazimisha kufika, kwa hiyo anaweza kukimbia vizuri wiki nzima huku amezama. Msisubiri kiwango kishuke uwanjani. Tazameni usiku baada ya mechi, kipindi cha majeraha na likizo ya msimu, maana hapo ratiba haimshiki.

Anayeuliza maswali hayo asiwe mtu anayepanga kikosi. Mchezaji hatamwambia ukweli mtu anayeweza kumweka benchi Jumamosi.

Baada ya kupima, tafuteni mlango alioingilia. Hesabuni vidonge vya maumivu: alipewa vingapi, vimekwisha lini, na nani mwingine alimwandikia. Uchunguzi wa wachezaji wastaafu wa NFL, ligi ya kandanda ya Marekani, uliotoka 2011 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu walitumia dawa za jamii ya opioidi (dawa kali za maumivu za ukoo mmoja na heroini) wakati wakicheza, na kati ya hao takriban asilimia 71 walizitumia vibaya. Ulizeni pia dawa za usingizi baada ya mechi za usiku, nani anamkopesha fedha, na simu yake inafanya nini saa nane usiku. Urithi wa kinasaba huchangia karibu nusu ya hatari, kwa hiyo historia ya wazazi na ndugu iandikwe.

Mazingira nayo yana uzito ambao wengi huudharau. Karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani waliokuwa Vietnam walijitaja kuwa waraibu wa heroini wakiwa huko. Waliporejea nyumbani, ni takriban asilimia 5 tu ya hao walionaswa tena katika mwaka wa kwanza. Klabu haiwezi kubadili vinasaba, lakini inaweza kubadili anayelala naye chumba kimoja kambini, anayemletea vitu, na anayeshika fedha zake.

Kabla ya yote hayo, usalama. Msimfungie mtu hotelini eti aache kwa kujikaza kiume. Arosto ya pombe huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa hatari huja kati ya saa 48 na 96. Hali hiyo inaua. Inatakiwa hospitali, na vitamini B1 itolewe kabla ya dripu ya sukari. Dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepamu hupunguzwa kwa wiki kadhaa, kamwe zisikatwe ghafla. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24, hukaza siku ya pili na ya tatu, na hutesa sana. Hatari yake kubwa huja baadaye: mwili umesahau, naye akirudi kwenye kiasi chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Naloksoni, dawa ya dharura inayozima nguvu ya opioidi na kurudisha pumzi, iwe kwenye mkoba wa daktari na nyumbani kwake, na anayeishi naye afundishwe kuitumia. Aliyeacha kokeini msimwache peke yake siku za kwanza, kwa kuwa huzuni nzito na mawazo ya kujiua si jambo la nadra.

Kisha sheria, ambayo yenyewe imeshaligawa swali. Tangu 2021 kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, zinazitenga kokeini, heroini, MDMA (ekstasi) na THC ya bangi. Mchezaji akithibitisha kuwa alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo, adhabu ni miezi 3, na inaweza kushuka hadi mwezi 1 akimaliza programu ya tiba iliyokubaliwa. Kumbukeni kwamba muda wa mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi. Dawa za tiba nazo zina mtego: metadoni na buprenofini, zinazotumika kutibu uraibu wa opioidi, zimekatazwa wakati wa mashindano, hivyo kibali cha kutumia dawa kwa tiba kiombwe angalau siku 30 kabla. Tramadoli, dawa ya maumivu, iliongezwa kwenye katazo hilo Januari 2024. Naltreksoni, dawa ya tiba inayozuia opioidi zisifanye kazi mwilini, inaruhusiwa, ila isianzishwe mpaka zipite siku 7 hadi 10 bila opioidi, la sivyo italeta arosto kali papo hapo.

Kwenye kamari, mwaka 2023 mwanasoka wa Uingereza Ivan Toney alifungiwa miezi 8 badala ya 11 baada ya jopo kukubali kuwa ni mraibu. Mwaka huohuo mwanasoka wa Italia Sandro Tonali alipewa miezi 18, lakini 8 kati ya hiyo ikageuzwa kuwa tiba na kuzungumza na vijana. Ugonjwa ulipunguza adhabu, haukuifuta. Klabu nazo zifuate kipimo hicho.

Kinachofuata ni makubaliano ya maandishi, na hapa msikimbilie. Programu za madaktari waraibu nchini Marekani huwafuatilia kwa miaka 5 kwa vipimo vya kushtukiza, na zaidi ya robo tatu humaliza bila kipimo kibaya hata kimoja. Leseni ndiyo inayowashika. Mchezaji hushikwa na uwanja, ndiyo maana kumfukuza siku ya kwanza naona ni kosa kubwa: mnatupa kitu pekee anachokitaka kuliko dawa. Andikeni nani anapima, majibu yanaenda kwa nani (daktari tu), na kila kosa lina matokeo gani. Matokeo yawe madogo, ya hakika na ya haraka. Tishio kubwa lisilotekelezwa halimzuii mtu.

Chagueni kipimo kwa muda wake. Kokeini huonekana kwenye mkojo siku 2 hadi 4, EtG (alama ya pombe kwenye mkojo) takriban siku 3, na PEth (alama ya pombe kwenye damu) wiki 2 hadi 4. Kipimo cha kila Jumatatu kitakwepwa, changanyeni siku. Kwa mcheza kamari, vipimo ni taarifa za benki, akaunti yenye saini mbili, kuomba kampuni za ubashiri zimfungie asicheze, na programu ya kuzuia kwenye simu.

Akirudia, ongezeni tiba siku hiyohiyo, naye abebe matokeo yaliyoandikwa. Kurudia hutokea kwa asilimia 40 hadi 60, kiwango kinachokaribia cha wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha kufuata matibabu.

Majeraha na uhamisho ndivyo huvunja mipango mingi. Akihitaji upasuaji, mtu mwingine ashike vidonge na avitoe vya siku moja moja. Akihama, aombwe ridhaa ya maandishi ili daktari mpya ajue. Na mkataba unapokwisha, tiba na vipimo viendelee kulipiwa kwa miezi 12, kwa sababu siku anapoacha kucheza ndipo ratiba yote inapotoweka.