Vuta pete ya vali ya kompresa kila wiki
Mafundi pancha wa Ujiji na Gungu: kila wiki, tangi la kompresa likiwa na upepo wa kutosha, vaa miwani, geuza uso pembeni, kisha vuta pete ya vali ya usalama kwa sekunde moja na uiachie. Springi iliyo ndani hukibana kizibo kwa nguvu maalumu, na upepo ukiizidi nguvu hiyo vali hufunguka yenyewe. Lakini kutu na vumbi vikikigandisha, tangi litazidi kujaa endapo swichi ya kuzima mota itashindwa kazi. Vali ikivuja baada ya pete kuachiwa, vuta tena, kwani mara nyingi ni mchanga tu. Isipofunguka, zima mashine, toa upepo wote na uweke vali mpya. Kuziba tundu la vali kwa boliti, kama baadhi yetu wafanyavyo, ni kujitegea bomu. Hata hivyo, kuvuta pete hakupimi vali hufunguka upepo ukifika kiwango gani: vali inayofunguka juu ya baa (kipimo cha mgandamizo wa upepo) zilizoandikwa kwenye tangi huvutika vizuri bila kulinda chochote.