Kabla ya Somo la Gofu: Nini Uandae, Nini Uulize

Mwalimu wa gofu anakupa dakika 45, labda saa moja. Wanafunzi wengi humaliza robo saa ya kwanza wakieleza matatizo ambayo hawajawahi kuyapima, na robo saa ya mwisho wakitaka waonyeshwe pia draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, "kidogo tu". Somo lenye faida huanza wiki mbili kabla, ukiwa uwanjani na kalamu mfukoni.

Cheza raundi mbili au tatu, na kwenye kila shimo andika mambo manne: mpira wa kwanza ulikwenda wapi, umepata adhabu ngapi, umetumia mikwaju mingapi kutoka mita 50 hadi kufika grini (nyasi fupi penye shimo), na mingapi ya pata (fimbo ya kubingirishia mpira shimoni). Jumla peke yake haimwambii mwalimu kitu. Mtu wa mikwaju 104 anakuja analalamikia draiva, kumbe karatasi yake ina mikwaju 42 ya pata na mipira miwili tu iliyopotea. Mpira uliopotea hugharimu mikwaju miwili hivi, kwa hiyo draiva imemla minne. Pata mbili kila shimo, kwa mashimo 18, zingekuwa 36, maana yake grini imemla sita. Huyo akilipia masomo matano ya draiva, ametibu goti huku jino ndilo linalouma.

Andika pia umbali wa fimbo zako, hata kama ni tatu tu. Piga mipira kumi kwa fimbo ya chuma namba 7, uipange kwa umbali, kisha uchukue ile ya katikati. Ule mmoja uliopaa kuliko yote usiuhesabu, huo ni wa kuwasimulia watu baadaye. Kumbuka na mahali ulipopimia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kwa kati ya asilimia 6 na 10 kuliko pwani. Namba 7 inayokwenda mita 150 ukiwa Karen au Muthaiga huko Nairobi, ukiteremka nayo Nyali, Mombasa, itakupa kati ya 136 na 141. Anayehamia Mombasa bila kujua hili hudhani swingi (namna anavyozungusha fimbo) imeharibika na hukimbilia kwa mwalimu. Vibao vya uwanjani navyo viangalie: 150 ya yadi ni mita 137. Hapo watu wawili hubishana siku nzima kumbe wote wana haki.

Mwalimu mwambie mapema hali ya mwili wako. Mgongo wa chini, goti, bega, kiwiko: mwalimu asipojua atakufundisha mzunguko ambao mwili wako hauwezi, na utaurudia mara mia kwa maumivu. Anayejua atakufungulia mguu wa mbele kidogo kuelekea shabaha, au atafupisha swingi, na kazi itaendelea.

Kuhusu vifaa, usinunue kitu chochote kabla ya somo la kwanza. Ila safisha ulivyo navyo. Mpini wa fimbo uliojaa jasho na mafuta ya ngozi huteleza, nawe unaukaza bila kujijua, mikono inakuwa migumu hadi begani. Usugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uufute, uuache ukauke kivulini. Ukiwa bado unang'aa na mgumu kama plastiki, umekwisha, ubadilishwe. Mifereji kwenye uso wa fimbo itolewe udongo kwa mswaki wa zamani. Glovu ya zamani usiitupe, nenda nayo: tundu likiwa kwenye nyama ya kiganja upande wa kifundo, mara nyingi mpini unakaa ndani mno ya kiganja au unacheza wakati wa kupiga, na mwalimu atalisoma hilo kabla hujapiga mpira hata mmoja. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko, lakini kwa masomo sita zinatosha: draiva, namba 5 au haibridi (iliyo kati ya fimbo ya mbao na ya chuma), namba 7, namba 9, weji (ya mikwaju mifupi ya kuinua) na pata.

Video za simu husaidia zikipigwa vizuri, na zikipigwa vibaya hupotosha. Simu iwe kwenye kimo cha mikono yako ukisimama kupiga. Usiiegemeze kwenye begi chini. Piga moja kutoka nyuma yako, kamera ikitazama kule unakolenga, ikiwa kwenye mstari wa mikono yako, na nyingine kutoka mbele, ikikutazama kifua. Ukiisogeza ile ya nyuma nusu mita pembeni, swingi iliyo sawa inaweza kuonekana inakatiza mpira kutoka nje kuja ndani, na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Chagua video nne au tano za mikwaju ya kawaida yako, ule mbovu na ule mzuri vikiwamo. Arobaini hakuna atakayezitazama.

Kabla hujatoa pesa, uliza: mipira imo ndani ya bei au unanunua ndoo ya mipira mwenyewe? Mvua ikinyesha inakuwaje? Je, somo moja kati ya yale unayolipia linaweza kufanyika kwenye mashimo yenyewe? Hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyosikika, maana makosa ya kuchagua fimbo hayaonekani renji, uwanja wa kupigia mazoezi. Kama klabu si yako, uliza na utaratibu wa wageni na mavazi. Fulana isiyo na kola imewarudisha watu getini. Na masomo yaachane walau siku kumi hadi kumi na nne. Matano ndani ya wiki moja ni maelekezo matano yanayogombana.

Siku yenyewe, fika dakika 25 kabla. Nyoosha viungo, piga mipira 15 hadi 20 polepole ukianza na weji, basi. Aliyekwisha kupiga 80 anamletea mwalimu swingi ya mtu aliyechoka.

Sasa, namna ya kueleza tatizo. Eleza mpira, usieleze mwili. "Unaanza kushoto kidogo halafu unapinda kulia" ni habari kamili kwa mchezaji wa mkono wa kulia: mahali mpira unapoanzia husema zaidi uso wa fimbo ulitazama wapi, na kupinda kwake husema njia ya fimbo ilitofautianaje na uso huo. "Nimeinua kichwa" si habari. Ni msemo wa makedi (wabeba mifuko ya fimbo) na marafiki, unaotumika kwa kila mpira uliokwaruzwa juu, ilhali kisa mara nyingi ni uzito uliobaki mguu wa nyuma au mikono iliyokunjwa wakati wa kugonga. Ukibana kidevu kifuani ili kichwa kisinyanyuke, mabega yanakosa nafasi ya kuzunguka, na tatizo la pili linazaliwa.

Dakika tano za mwisho ni zako, zidai. Mweleze mwalimu kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, akusahihishe, kisha akurekodi ukifanya zoezi huku sauti yake ikisikika. Uondoke na kazi moja na zoezi moja, na ujue dalili ya kwamba unalikosea. Akikupa mambo matano, muulize lipi litangulie.

Tegemea kuharibika kwa wiki moja au mbili. Mshiko mpya hasa huhisi kama fimbo ya mtu mwingine, na wengi hurudi kwenye wa zamani siku ya nne. Kwa hiyo usipange somo siku tatu kabla ya mashindano ya klabu.

Ndoo ya mipira 50 ichukue dakika 45 au zaidi. Ikiisha kwa dakika 15 umefanya mazoezi ya viungo. Kumi ya kupasha mwili. Ishirini ya lile zoezi, kwa nusu ya nguvu, na kati ya mpira na mpira uzungushe fimbo hewani mara mbili. Ishirini iliyobaki badilisha fimbo na shabaha kila mpira, kwa sababu uwanjani hakuna atakayekupa namba 7 mara ishirini mfululizo. Kila mara laza fimbo mbili chini, moja sambamba na vidole vya miguu na nyingine nje kidogo ya mpira, zote zikielekea upande wa shabaha. Bila hizo, baada ya mipira kumi miguu huhama kimyakimya, na mikono inajifunza kufidia.

Mkeka wa renji nao una hila yake. Kichwa cha fimbo kikigonga sentimita tano nyuma ya mpira, huteleza juu ya mkeka na mpira unaruka vizuri tu. Kosa hilohilo kwenye majani linachimba udongo, mpira unakwenda mita 20. Kunja taulo, uliweke sentimita 10 nyuma ya mpira unapotumia fimbo za chuma. Ukiligusa, umeanza kugonga chini mapema. Penye majani chora mstari, uweke mpira juu yake: alama ya udongo ianze mstarini au mbele yake. Na kwenye nyasi za kikuyu, zilizotapakaa viwanja vya nyanda za juu, fanya mazoezi ya karibu na grini papo hapo kwenye nyasi hizo. Hushika shingo ya fimbo na kufunga uso wake, na mpira wa kubingirisha hufia njiani.

Radi ikinguruma, weka fimbo chini uondoke, hata kama ndoo imejaa.

Ukirudi kwenye mashimo, cheza tisa bila kuhesabu, na ukubaliane na kedi mapema: umbali na mwelekeo akwambie, swingi aiache. Makedi wengi wanajua mchezo kuliko wanaowabebea, lakini walimu wawili kwa siku moja ni wengi.

Nyumbani huhitaji zaidi ya sakafu na futikamba ya chuma. Ifungue mita moja, uifunge kitasa, uweke mpira mwanzoni mwake na uupige kwa pata ubingirike juu yake. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kutoka mita moja, mpira ukienda taratibu, unaweza kukosea digrii tatu hivi na ukaingia. Kutoka mita mbili ni digrii moja na nusu. Mpira ukidondoka kulia kila mara, uso wa pata unatazama kulia. Ukidondoka mara kulia mara kushoto, anza kwa kulegeza mshiko.