Anza na kimeng'enya kimoja

Kila mwaka hunijia mwanafunzi mmoja au wawili wa baiokemia wakisema wanataka "kufanya utafiti wa jeni". Nikiwauliza jeni ipi, wanatazama dari. Ninayowajibu nimeyaandika hapa, nipumzike kuyarudia.

Usianze na jeni. Anza na kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) ambacho kikipungua mtu anaumwa, na ambacho unaweza kukipima mwenyewe kwa vifaa ulivyonavyo. Mimi nilianza na G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, kwa sababu ya umaskini tu: mashine ya kusoma DNA hatukuwa nayo, spektrofotomita kuukuu (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na kimiminika) ilikuwepo, na upungufu wa G6PD umejaa kwetu kama ulivyojaa popote malaria ilipokaa vizazi na vizazi. Njia hiyo si ya aibu. Mwaka 1952, pale St. Louis, Gerty Cori na mumewe Carl walipima maini ya wagonjwa wa von Gierke, ugonjwa wa kurithi ambao ini hushindwa kuachilia sukari, wakakuta kimeng'enya kingine, glukosi-6-fosfatasi, kimepungua mno au hakipo kabisa. Jeni yenyewe ilipatikana 1993.

Kwanza elewa kwa nini ni seli nyekundu inayoumia. Haina mitokondria (vinu vya nishati vya seli), hivyo kupata NADPH, molekuli inayobeba nguvu ya kujilinda, inategemea njia moja tu, na G6PD ndiye bawabu wa njia hiyo. NADPH ikipungua, glutathioni, ngao ya seli, hairudi katika hali yake ya ulinzi. Mtu mwenye upungufu huo akimeza primakwini, dawa ya malaria, seli zinapasuka, na mkojo unatoka kama chai ya rangi iliyokolea. Mweleze mama yako. Akielewa, endelea.

Damu ichukue kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau. Isafirishe kwenye baridi, lakini isigusane na barafu, ikiganda, umekwisha. Maabarani, pasua seli, ongeza glukosi-6-fosfati (sukari ambayo G6PD huifanyia kazi) na NADP, ambayo G6PD huigeuza kuwa NADPH, kisha soma kwenye nanomita 340: NADPH hufyonza mwanga huo, NADP haifyonzi. Ongezeko la kila dakika ligawe kwa 6.22 (kipimo cha jinsi NADPH inavyofyonza mwanga huo), zidisha kwa kiasi ulichozimua, na jibu litoe kwa gramu ya hemoglobini. Ukilitoa kwa mililita ya damu, mgonjwa mwenye damu kidogo atakupotosha. Kila siku endesha na tyubu ya kulinganishia, isiyotiwa glukosi-6-fosfati. Joto lisibadilike; umeme ukikatika katikati, futa usomaji huo hata kama ulikuwa mzuri (hapo ndipo utajua kama una moyo wa kazi hii).

Sasa kosa langu. Aliletwa kijana, macho ya njano, wiki moja baada ya kutumia dawa. Nilipima mara mbili, nikaandika: kawaida. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: "Seli ulizopima zina umri gani?" Sikuelewa. Katika aina ya upungufu iliyozoeleka Afrika, kimeng'enya huchakaa haraka kadiri seli inavyozeeka. Seli kuukuu za yule kijana zilikuwa zimeshapasuka. Nilipima changa zilizobaki na zilizotoka kuzaliwa, ambazo bado zina kimeng'enya cha kutosha. Tulimwita tena baada ya miezi mitatu. Kiwango kilikuwa chini. Tangu hapo fomu yangu ya sampuli ina mstari wa kuuliza: ameumwa lini, ameongezewa damu lini? Bila majibu hayo sipokei tyubu.

Wanawake wapime kwa namba, usitegemee kipimo cha kuona kinachong'aa au haking'ai. Jeni hii iko kwenye kromosomu X, na kila seli ya mwanamke hutumia X moja tu. Mwenye jeni mbili tofauti, damu yake ni makande: mahindi na maharage chungu kimoja. Kipimo cha kuona kitaonja mahindi kiseme yote ni mahindi.

Ukishakuwa na namba unazoziamini, ndipo uende kwenye jeni, utafute mabadiliko ya herufi za DNA kwenye nafasi ya 202 na 376 za jeni ya G6PD. Kibali cha maadili, kwa Tanzania NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kiombe kabla hujanunua hata sindano. Andika daftari kwa kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Spektrofotomita ile bado ipo. Taa yake inataka nusu saa kutulia, kwa hiyo ukija kujifunza uje mapema.