Jinsi ya Kukagua Gari Kuukuu Kabla ya Kulilipia

Mara nyingi mteja huniletea gari gereji likiwa limeshalipiwa, nami sina la kumsaidia ila kumtajia gharama za matengenezo. Kwa asiyeweza kuongozana na fundi, ninaeleza hapa hatua ninazozifuata mwenyewe, kwa mfano wa Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, ambayo bado imejaa katika barabara za Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza ni kadi ya usajili wa gari. Muuzaji akisema gari ni "namba D", yaani herufi zinazofuata tarakimu kwenye kibao chake zinaanza na D, anakueleza lilisajiliwa lini Tanzania, wala si umri wake. IST ya mwaka 2003 inaweza kabisa kuwa na namba D, kwa hiyo soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi. Linganisha pia namba ya chasisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi: NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500. Jina la kwenye kadi lisipolingana na kitambulisho cha muuzaji, dai kuonana na mwenye gari.

Hatua ya pili, ambayo huipa muda kuliko zote, ni kuikagua injini ikiwa ya baridi. Omba gari lisiwashwe tangu usiku, fika asubuhi, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha milio na moshi. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani. Ute mzito wenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yamechanganyika na oili, na mara nyingi chanzo huwa ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua baada ya injini kuchemsha. Fungua na rejeta: maji yenye kutu hunitia shaka kuliko mkwaruzo wowote wa rangi, maana yanaonyesha jinsi gari lilivyotunzwa.

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeikata ili kuficha hitilafu. Injini hii hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo mlio wa kukwaruza katika sekunde za mwanzo huashiria cheni iliyolegea. Moshi wa bluu unamaanisha oili inaungua, na moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto unamaanisha maji yanaingia kwenye silinda.

Hatua ya tatu, liendeshe nusu saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na upite pia barabara yenye mashimo. Ukitoa gia P (ya kuegesha) kuweka D (ya kwenda mbele), gari likachelewa kushika au likashtuka kwa kishindo, gia boksi ina tatizo.

Hatua ya nne, tafuta dalili za mafuriko. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Niliwahi kukuta mstari wa tope kavu kwenye sehemu ya mkanda ambayo muuzaji hakufikiria kuiosha, ilhali viti viling'aa na vilinukia manukato.

Hatua ya mwisho ni hesabu. Andika kila kasoro, uliza bei ya spea Kariakoo, ongeza ufundi, kisha jumlisha na bei ya gari. Shokapu, bushi na tairi huvumilika; umri wa tairi usome ubavuni mwake: lenye tarakimu 2319, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Injini na gia boksi sizivumilii kwa punguzo lolote la kawaida. Jumla ikizidi bei ya IST nzima ya mwaka huohuo, mwonyeshe muuzaji orodha yako na umwombe apunguze tofauti hiyo, na mpaka akubali usimwachie hata kishika uchumba.