Kupiga picha Sphere ya Las Vegas bila kuunguza mwanga

Fika kabla jua halijazama. Sphere ni ukumbi wa maonyesho wenye umbo la kuba. Kuba lile lina kimo cha mita 112 na upana wa mita 157, na ngozi yake yote ya nje ni taa za LED. Giza likishatanda, simu hupima weusi wa anga, na unarudi nyumbani na picha ya duara jeupe tupu. Mimi napenda zile dakika ishirini baada ya magharibi, anga ikingali buluu.

Gusa sehemu inayong'aa zaidi kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga hadi rangi zirudi. Mwenye kamera apunguze ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Mistari ikitokea kwenye picha, apunguze kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga. Na uwe na subira! Michoro hubadilika, na niliwahi kusubiri karibu nusu saa hadi jicho kubwa likafumbuka.

Ukitaka kulitazama kuba kwa juu, panda High Roller, gurudumu la mita 167 lililo jirani. Anayepiga picha akiwa chini atafute umbali. Ukilikaribia mno, utaona vitone vya taa tu.

Ndani, tazama kwanza kwa macho yako.