Kabla hujahamia shamba na watoto wadogo

Mvua zikishika, huku kwetu Liwale, mkoani Lindi, watu tunafunga mikeka tunahamia shamba. Wengine mpaka ufuta utoke, Juni huko. Kama una mtoto wa chini ya miaka 5, haya yafanye ungali kijijini.

Chandarua kitundue ukibebe. Kadi ya kliniki ikague: surua-rubela ni miezi 9 na miezi 18, na zamu yake ikiangukia Machi, kaongee na nesi sasa hivi, maana Machi hutoki. Dawa ya mikorosho isikae kwenye chupa ya soda. Mihogo michungu iloweke siku zake zote hata kama njaa inakusukuma. Konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya mihogo isiyolowekwa vizuri, imeshalemaza watu miguu mkoa jirani wa Mtwara. ORS, ile dawa ya unga ya mtoto anayeharisha, chukua paketi kadhaa pamoja na vidonge vya zinki, na ubebe chupa ya lita moja hasa ya kupimia. Paketi moja lita moja, si "vikombe kama vitatu hivi", na ya jana mwaga.

Sasa kaa chini, hili la pesa na ruhusa ndilo lililonipata mimi.

Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi minane. Jioni alichemka, usiku akakakamaa, macho yakageukia juu, mate yanamtoka. Baba yake alikuwa mjini kufuatilia malipo ya korosho. Pesa zote zilikuwa kwenye simu yake, na simu yangu hainasi mtandao mpaka upande kichuguu cha kwenye mwembe. Mama mkwe akasema, "Hilo degedege, mwanangu. Akichomwa sindano unarudi na maiti." Akawasha kinyesi cha tembo, tukamfunika mtoto kwa kanga avute moshi. Simlaumu, yeye alizika wawili. Lakini mimi nilikuwa nimesoma bango pale zahanati, nikajua ni malaria imepanda kichwani, na bado nikakaa. Nilimsubiri mume wangu aniruhusu. Ile harufu mpaka leo ikinipitia puani nasimama.

Alfajiri korongo limejaa. Kijana wa bodaboda yupo, petroli hana. Nikamfunga mtoto mgongoni, maji yakanifika kifuani, huku jirani amenishika mkono. Zahanati wakampima, malaria, wakamwekea dawa kwa njia ya haja kubwa na kumwandikia rufaa. Alipona. Mkono wa kushoto hadi leo hashiki kikombe vizuri.

Kwa hiyo, kabla hamjahama, mkalishe mumeo na mama yake pamoja, mchana, wakiwa wameshiba, mkubaliane: mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, aliye naye anaondoka. Hapigi simu kuomba. Kuulizana na mume wako utafanya ukiwa njiani. Kama kuna mzee wa ukoo anayesikilizwa, naye awepo. Sindano haiui mtoto wa degedege, kinachoua ni kuchelewa, na hilo mwambieni nesi awaeleze yeye mwenyewe, kwa sababu neno la mkamwana halina uzito.

Pesa taslimu ikae kwako. Matibabu ya watoto wa umri huu sera inasema bure, ila bodaboda haina sera. Petroli nunua mwenyewe lita mbili, iweke kwenye dumu la njano lililofungwa, kivulini nje ya nyumba, mbali na moto na watoto, na kijana wa bodaboda ajue ipo. Korongo nalo lipitie wakati wa jua uone linavukika wapi.

Mtoto akikakamaa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu. Wangu alinyweshwa, lakini hiyo tuiache.

Mengine ni yale yale. Kisima kifunikwe. Usimlaze mtoto peke yake dunguni mkienda kufukuza nguruwe. Jikoni kung'utwe kabla hajatambaa, nge wanapenda majivu ya uvuguvugu. Tochi, betri za akiba. Kiberiti kwenye mfuko wa nailoni. Na chumvi, chumvi jamani, mwaka ule tuliazimana kijiko kimoja nyumba saba.