Namna ya kujua saa ya kutua kwa mwezi ukiwa Mbeya

Anayetaka kuutazama mwezi ukitua hahitaji darubini. Anahitaji kujua umri wa mwezi, kuirekebisha saa yake, na kupata mahali ambapo upande wa magharibi haukuzibwa na mlima.

1. Hesabu siku tangu mwezi ulipoandama. Mwezi mchanga hutua muda mfupi baada ya jua kuzama, kisha huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50, hata ukifika nusu, yapata siku ya 7, ukawa unatua usiku wa manane, na ukishakuwa mpevu ukawa unatua jua linapochomoza.

2. Rekebisha saa. Hapa nawaomba mwe makini, kwa sababu saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Ongeza basi dakika 46: nusu mwezi uliotazamiwa kutua saa sita usiku, kwetu hutua karibu saa saba kasoro robo.

3. Chagua mwezi na mahali. Mwezi mpevu wa Desemba hutua upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo aliye mjini anaweza kunyimwa dakika za mwisho na safu ya Loleza na Kilele cha Mbeya, mbali na mawingu ya masika. Napendekeza ule wa Juni, unaotua kusini-magharibi wakati wa kiangazi. Vaeni makoti mazito.

4. Ukingo wa chini ukigusa upeo, usiondoe macho: mwezi huwa mwekundu, hubonyea kidogo, na baada ya dakika 2 hivi umekwisha kuzama wote.

Shikamoo mwalimu. Mbona ukikaribia kutua huonekana mkubwa?

Marahaba. Ni macho yetu tu. Nyoosha mkono uufunike kwa ncha ya kidole cha mwisho, ukiwa utosini na ukiwa chini. Kidole kile kile kinatosha. Kwa kweli ukiwa upeoni uko mbali nawe zaidi, kwa karibu kilomita 6,400.

Mwalimu, huku Makete nimeuona saa tatu asubuhi, uko magharibi. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Huo umeshapita upevu na unapungua. Uendelee kuufuatilia, kwani ukibaki nusu, yapata siku ya 22, utautazama ukitua karibu saa saba mchana.